Mkono Kifuani mwa Mwalimu

Mara ya kwanza Mwalimu aliponiambia kwamba kuna mkono kifuani mwake unaozuia chakula, nilikuwa nimeinamia faili naandika. Sikuinua macho. Nilimuuliza mkono huo ni wa nani, kama tunavyofundishwa kuuliza. Akasema, "Sijui ni wa nani, daktari. Najua tu kwamba unabana." Nikaandika maneno yake kama alivyoyasema, na chini yake nikaongeza mawili ya kwangu: imani potofu.

Mimi ni daktari wa magonjwa ya akili. Nafundisha chuoni Mbeya, na kwa miaka mingi nimekuwa nikitoka kila mwezi kwenda kwenye kliniki za vijijini. Napita Rujewa, nakata kuelekea Madibira kwenye mashamba ya mpunga, natokea Mafinga, kisha nateremka Iringa hadi Ilula. Huko daktari wa akili hana mashine. Ana kiti, ana faili, ana masikio. Nilijivunia sana masikio yangu. Wanafunzi niliwaambia kwamba mgonjwa akisikilizwa vizuri, nusu ya kazi imekwisha. Niliyasema hayo mbele ya watu wengi, nikapigiwa makofi.

Mwalimu alikuwa mama wa makamo. Ujanani alifundisha shule ya msingi miaka michache, mpaka siku moja sauti zikamjia akiwa anaandika ubaoni, naye akaanza kuzijibu mbele ya watoto. Nilipokutana naye alikuwa ameshazoea sindano ya kila mwezi na sauti zilikuwa zimefifia, zimebaki, kama alivyoniambia mwenyewe, kama redio ya jirani. Aliishi Ilula na dada yake mkubwa, mjane anayeuza nyanya na vitunguu kando ya barabara kuu. Aliimba kwaya kanisani kwao, Walutheri, na jioni aliwafundisha watoto wa majirani kusoma kwenye baraza. Kijiji kizima kilimwita Mwalimu. Nami nikamwita hivyo hivyo.

Alikuwa mgonjwa niliyemtolea mfano. Kila mtu aliponiambia kwamba wagonjwa wa akili hawaponi, nilimtaja yeye.

Mwaka aliponitajia mkono, mvua zilikuja na ukungu usioinuka. Tuliingia kliniki asubuhi na taa za gari zikiwaka, na wagonjwa walikuwa wameketi kwenye benchi wakiwa wamejifunika mashuka mpaka vichwani, huwezi kujua nani ni nani. Dada yake Mwalimu alisimama kwanza.

"Kamwene, daktari."

"Kamwene, dada. Habari za nyumbani?"

"Si nzuri. Huyu ugonjwa umemrudia."

Akanieleza. Mwalimu alikuwa amekataa kula na wenzake. Anabeba sahani yake nyuma ya nyumba, anatafuna tonge moja muda mrefu, halafu anatema. Kuku wameshajua. Ikifika saa ya chakula wanamfuata nyuma ya nyumba hata kabla hajachukua sahani.

"Kuku wamenona," alisema dada, "yeye anakwisha."

Kisha akasogea karibu akanong'ona kwamba anahisi kuna mtu amemtupia kitu mdogo wake, kwa sababu ya kiwanja walichoachiwa na baba yao. Nilimjibu kwa upole, kwa ile sauti yangu ya kliniki, kwamba hakuna aliyemtupia kitu, kwamba hana kitu kifuani, ni ugonjwa ule ule wa siku zote, umebadilisha tu sura. Nikaongeza dozi.

Leo nikikumbuka siku ile naona kwamba katika chumba kile, mimi ndiye niliyekuwa na uhakika kuliko wote.

Mwezi uliofuata alikuja akitembea polepole, mikono ikitetemeka kidogo, kama wanavyotetemeka watu waliozidiwa na dawa zetu. Hakutaja mkono. Nilimuuliza kama bado upo, akanitazama, akatazama faili, akasema, "Andika tu, daktari." Nikaandika: ametulia. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimemlewesha mpaka akachoka kunibishia.

Kulikuwa na nesi pale kituoni, mama mtu mzima, aliyekuwa hapo tangu kituo kikiwa vyumba viwili. Hakuwa msemaji. Siku hiyo wakati nafunga faili alikuja akasimama karibu na meza.

"Daktari, sketi ya Mwalimu ameifunga kwa pini mbili."

"Nimeona," nikasema.

Sikuwa nimeona.

Mwezi uliofuata tena nilikwenda na wanafunzi. Gari la chuo lilijaa vijana wenye makoti meupe yaliyopigwa pasi, na mimi nilitaka waone kitu watakachokikumbuka. Nikamwomba Mwalimu ruhusa ya kuzungumza naye mbele yao. Akakubali. Nadhani ule ualimu wake ndio uliokubali. Aliona darasa, hakuweza kulikatalia.

Alikaa kwenye kiti katikati ya chumba. Macho yalikuwa yameingia ndani na mifupa ya mabega ilisukuma kitambaa cha blauzi. Nikawaeleza wanafunzi, yeye akisikia, kwamba kuna wagonjwa ambao imani potofu zao hukaa mwilini: mmoja husema ana nyoka tumboni, mwingine husema moyo wake umeibwa. Huyu, nikasema, ana mkono. Baadhi yao waliandika.

Mwalimu aliinua mkono wake, kama mwanafunzi anayeomba kusema.

"Naomba maji ya kunywa," akasema. "Nyinyi mnitazame."

Nesi alimletea kikombe cha bati. Mwalimu alikishika kwa mikono miwili, akatugeukia mmoja mmoja kuhakikisha tunaangalia, kisha akanywa funda moja dogo. Tukamwona akimeza. Tukamwona akisubiri. Shingo ilikakamaa, macho yakajaa machozi, akaweka kiganja katikati ya kifua na kuhesabu kwa vidole vya mkono wa pili, moja, mbili, tatu, nne, na alipofika tano maji yalirudi yote, kwa sauti nisiyotaka kuieleza. Nesi aliwahi na beseni.

Mwalimu alijifuta mdomo kwa ncha ya kitenge, akasema kwa utulivu, "Unarudisha hata maji sasa. Mwezi uliopita maji yalikuwa yanapita."

Nilikuwa na nafasi ya kusimama pale pale na kusema nimekosea. Wanafunzi walikuwa wakinitazama mimi sasa, si yeye. Nikasema, "Mmeona jinsi mwili unavyoweza kuifuata akili."

Nesi alichukua beseni akatoka nje. Hakurudi.

Tulipokuwa tunarudi Mbeya tulisimama Mafinga tunywe chai. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye misonobari, na magari ya mbao yalipita polepole yakiwasha taa mchana. Nilikata kipande cha mkate, nikakitafuna, na kilipofika kooni nikajikuta nimesita kumeza, nasikiliza. Kikapita. Nikaendelea kukisindikiza kwa mawazo mpaka chini kabisa. Nikaweka kikombe, nikatoka, nikampigia nesi.

"Mama, Mwalimu anatakiwa aende Iringa akapimwe koo. Kipimo kile cha kuingiza kamera. Kesho, ikiwezekana."

"Nimeshamwandikia rufaa, daktari," akasema. "Nilipotoka na lile beseni nilikwenda kuandika. Daktari wa zamu amesaini. Kesho asubuhi dada yake anampeleka."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nasubiri upige."

Daktari aliyemfanyia kipimo Iringa tulisoma naye. Alinipigia siku mbili baadaye nikiwa naelekea darasani. Hakunisalimu kwa utani wetu wa siku zote. "Kamera haikupita," alisema. Uvimbe ulikuwa umeziba njia ya chakula karibu yote. Alikata kinyama kidogo kwa ajili ya maabara, lakini tulijua sote wawili. Majibu yalipokuja yalisema saratani, na picha ya tumbo ilionyesha kwamba imeshafika kwenye ini. Walichoweza kufanya ni kumwekea mrija mdogo pale palipoziba ili uji na maji vipite.

Nilikwenda Iringa. Dada yake alinisubiri mlangoni mwa wodi, khanga imefungwa kiunoni kama mtu anayejiandaa kwa ugomvi.

"Usimwambie," akanizuia. "Tumekaa kama familia, mzee wa kanisa naye alikuwepo. Akijua, kichwa kitaruka. Aende kwa amani."

Nilielewa woga wake. Mimi mwenyewe nilikuwa naogopa, na si kwa ajili ya kichwa cha Mwalimu. Katika maisha yangu ya kazi nimewapa watu habari mbaya nyingi, lakini sikuwa nimewahi kumpa mtu habari mbaya ambayo yeye ndiye aliyenipa kwanza. Nilimwambia dada kwamba sitaanza kusema, ila Mwalimu akiniuliza, siwezi kumdanganya mara ya nne. Akanipisha.

Kitanda chake kilikuwa karibu na dirisha. Aliniona, akajaribu kujiinua.

"Wameukuta mkono?"

Dada yake aligeukia ukutani.

"Wameukuta, Mwalimu. Ni saratani."

"Kwa hiyo upo."

"Upo."

Alijilaza. Nilijiandaa kwa kilio, kwa sauti, kwa kichwa kuruka. Alichofanya ni kushusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa ndoo ya maji kichwani, na uso wake ukalainika. Alikuwa amefurahi. Naandika neno hilo kwa tahadhari, lakini ndivyo ilivyokuwa, na sijawahi kuogopa furaha ya mtu kama siku ile.

Baadaye akaniuliza, "Faili langu lile la kliniki liko wapi?"

Nilikuwa nalo kwenye mkoba. Nililichukua ili niwaachie madaktari wa pale historia ya dawa zake.

"Nisomee. Macho yangu yamechoka. Soma kwa sauti."

Nikasoma. Kliniki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wodi ilikuwa na wagonjwa wengine na nilijaribu kupunguza sauti, lakini kila nilipopunguza alisema, "Sisikii." Nilipofika kwenye yale ya siku ya wanafunzi, maneno yangu ya kitaalamu yalisikika kama maneno ya mtu mwingine, mtu ambaye nisingependa anitibu.

"Nipe kalamu nyekundu," akasema.

Sikuwa nayo. Dada yake akaenda kuiomba kwa wauguzi, akarudi nayo. Mwalimu aliweka faili juu ya magoti, na kwa mkono ule ule uliotetemeka kwa dawa zangu, akapiga alama ya kosa kwenye maneno imani potofu. Akapiga nyingine kwenye ametulia. Chini kabisa ya ukurasa, kwa mwandiko wa ubaoni, wa duara na ulionyooka, akaandika neno moja: Rudia.

Alinirudishia faili.

Alirudi Ilula. Tulipanga na nesi awe anampitia nyumbani na dawa ya maji ya maumivu, nami nilikwenda kila nilipoweza, wakati mwingine siku isiyo ya kliniki. Mrija ule ulimpa wiki kadhaa za uji na supu ya nyanya aliyoipika dada yake kutoka kwenye zile zilizobondeka njiani. Watoto wa baraza waliendelea kuja. Alikuwa amelala ndani, mlango wazi, wakimsomea kwa sauti, na walipokosea aligonga ubao wa kitanda mara moja.

Jioni moja alinishika mkono nilipokuwa nataka kuondoka.

"Sauti zimerudi," akasema.

Nilimuuliza zinasema nini. Safari hii niliketi, niliweka kalamu chini, nilimtazama.

"Zinataja majina. Langu lipo. Lakini siyo langu tu."

Nje upepo ulikuwa unavuma kutoka bondeni na mabati yaliguna. Swali lililofuata ni jepesi, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua: majina ya nani? Niliogopa jibu, sikuliuliza. Nilimrekebishia shuka, nikamwambia nitaongea na nesi kuhusu sindano. Aliniachia mkono. Nadhani alijua kwamba kwa mara nyingine sikuwa nimemsikiliza, na safari hii si kwa kutojua.

Alifariki wiki iliyofuata, asubuhi. Dada yake ndiye aliyenipigia. "Amekunywa uji kikombe kizima," alisema, "akasema umepita vizuri, akalala." Kwenye maziko kwaya yake iliimba na nafasi yake ikaachwa wazi katika mstari wa mbele. Watu walipoanza kutawanyika dada alinijia. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Mimi nilisema katupiwa kitu," alisema. "Wewe ukasema hana kitu. Yeye peke yake ndiye aliyesema kweli, na yeye ndiye tuliyemwita mwendawazimu."

Nilirudi Mbeya nikafungua kabati la chuma ofisini ambamo nakala za faili za kliniki zangu zimewekwa. Nilianza kuzisoma, si kama daktari, bali kama mtu anayetafuta kitu alichopoteza. Nilitafuta neno moja, anadai. Ni neno langu. Mgonjwa akisema anaumwa kichwa, naandika anaumwa kichwa. Akisema kichwa kinaliwa na siafu, naandika anadai. Anadai tumbo linachemka. Anadai damu yake inavuja kwa ndani. Anadai kuna jiwe linakua kwenye titi. Lile la titi nilisoma nikiwa nimesimama, nikakaa.

Niliandika majina kwenye daftari. Nesi alinisaidia kuwatafuta wa upande wake kwa simu. Wale wa mbali nilikwenda mwenyewe.

Mama wa siafu nilimkuta Kilolo, akipalilia. Nilimpima kwa mikono yangu, nikampeleka kwenye vipimo, sikuona kitu. Alikuwa mgonjwa wa akili tu, kama nilivyoandika. Alifurahi kwamba nimetazama. Yule wa jiwe alikuwa amehama na hakuna aliyejua amehamia wapi. Wengine wawili walikuwa na magonjwa yanayotibika na wanatibiwa. Nasema hayo ili nisijipake matope kupita kiasi, maana hata hilo ni namna ya kujitazama badala ya kuwatazama wao.

Siku hizi nakaa pia wodi ya saratani siku mbili kwa wiki, na wanafunzi wangu hawaruhusiwi kuandika neno la akili kabla hawajamgusa mgonjwa tumbo, shingo na matiti, na kumwona akimeza maji. Wananiona nimekuwa mkali. Kisa cha Mwalimu nawasimulia chote, pamoja na maneno niliyoyasema mbele ya wenzao.

Mavuno yalipoanza tu, nilifika Madibira. Jina lililokuwa kwenye daftari langu lilikuwa la mwanamume aliyedai kuna nyoka tumboni, anayezunguka usiku na kutulia mchana. Nilimkumbuka vizuri, tulicheka pamoja kuhusu yule nyoka. Nyumba niliipata kwa kuuliza. Mkewe alikuwa anaanika mpunga uani kwenye turubai, akiutandaza kwa miguu kwa mistari, akitembea mbele na nyuma bila kusimama.

"Shikamoo, daktari," akasema. Alinitambua kabla sijajitaja.

"Marahaba, mama. Mzee yupo?"

"Tulimzika kabla ya kupandikiza mpunga."

Nikasimama pale pembeni ya turubai. Nikamuuliza aliugua nini.

"Tumbo."

"Alipimwa?"

Hapo ndipo aliposimama. Hakuwa na chuki usoni, alishangaa tu, kama mtu anayeulizwa jambo na mwenye kulijua.

"Si mlisema ni mambo ya kichwa? Tulipotaka kumpeleka hospitali, yeye mwenyewe alikataa. Alisema daktari wa Mbeya amemwambia hakuna nyoka."

Sijui kama ilikuwa saratani. Haiwezekani kujua tena. Ingeweza kuwa vidonda vya tumbo, ingeweza kuwa kichocho, ingeweza kuwa kweli ni kichwa chake na kifo kikaja kwa mlango mwingine. Nilimwambia mama yule kwamba nilipaswa kumpima na sikumpima, na kwamba nimekuja kumwomba radhi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Haya," akarudi kwenye mpunga wake.

Niliuliza kama yeye na watoto ni wazima. Akasema ni wazima. Nikamwomba nimwangalie, walau presha. Akatikisa kichwa bila kugeuka.

"Hapana, daktari. Sisi hatuna kitu."

Dereva alikuwa amewasha gari. Nilifungua daftari kwenye ukurasa uliofuata. Majina yaliyobaki yalikuwa ya vijiji vya juu, upande wa Mbeya, ambako mvua ikinyesha gari halipandi, na mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika huko.